Njia za Kufikia Ubingwa kwa Madaktari na Madaktari wa Meno: Hali ya Kaunti ya Turkana

Ubingwa wa udaktari nchini Kenya hupatikana kwa njia tatu kuu: shahada ya uzamili ya chuo kikuu, mitihani ya vyuo vya ubingwa vya kanda ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini, na masomo ya nje ya nchi ambayo hukaguliwa upya mhitimu anaporudi. Kando ya njia hizo zipo stashahada za muda mfupi, ambazo hazimfanyi mtu bingwa lakini humpa ujuzi wa ziada katika eneo moja, na stashahada za juu za maafisa wa kliniki, ambao ndio hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kitaalamu katika hospitali za mbali. Kila njia ina muda wake, gharama yake na mahali pake pa kujifunzia. Kwa kaunti kama Turkana, mahali pa kujifunzia ndilo suala zito kuliko yote. Njia inayomtoa daktari Lodwar, makao makuu ya kaunti, kwa miaka minne huacha wadi bila mtu. Njia inayomfunza akiwa kazini huhitaji mkufunzi ambaye mara nyingi hayupo.

1. Msingi: shahada, uanagenzi na usajili

Mwanafunzi wa udaktari husoma kwa kawaida miaka sita, na wa meno miaka mitano. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufunza madaktari mwaka 1967, na mafunzo ya madaktari wa meno yakafuata mwaka 1974. Kabla ya hapo Wakenya waliotaka udaktari walikwenda Makerere, Kampala, ambako mafunzo ya utabibu yalianza katika miaka ya 1920, au walivuka bahari. Baadaye Chuo Kikuu cha Moi kilifungua kitivo chake Eldoret, na tangu hapo kaskazini mwa Bonde la Ufa pakawa na chuo cha udaktari kinachofikika kwa barabara.

Baada ya shahada hufuata mwaka mmoja wa uanagenzi katika hospitali iliyoidhinishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Mwanagenzi wa udaktari huzunguka idara za tiba ya watu wazima, upasuaji, watoto na uzazi, na mkuu wa kila idara hutia sahihi kwamba kazi iliyotakiwa imefanyika. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Lodwar ni miongoni mwa vituo vya uanagenzi. Umuhimu wa jambo hili kwa kaunti ni mkubwa, kwa sababu daktari kijana hupitia hapo mwaka mzima akiwaona wagonjwa wa Turkana kabla hajaamua atasomea nini na atakaa wapi.

Baraza hilo linafanya kazi chini ya Sura ya 253 ya Sheria za Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1978. Zamani lilikuwa bodi; marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliligeuza kuwa baraza. Baraza ndilo hutunza sajili ya madaktari, hutoa leseni ya kila mwaka na huamua nani atambuliwe kuwa bingwa. Leseni haihuishwi kwa ada peke yake: daktari huonyesha alama za mafunzo endelevu alizokusanya katika mwaka. Kwa anayefanya kazi Lokitaung au Lokichoggio, alama hizo hutegemea sana mihadhara ya mtandaoni, na mihadhara nayo hutegemea umeme na intaneti.

2. Shahada ya uzamili

Njia inayotumiwa na wengi ni shahada ya uzamili ya udaktari, ambayo huchukua miaka mitatu hadi mitano kulingana na fani. Daktari husajiliwa chuoni lakini muda wake mwingi huishia wadini, kliniki na katika chumba cha upasuaji cha hospitali kuu ya mafunzo, akilala zamu na kuwafunza walio chini yake. Huandika tasnifu ya utafiti, hufanya mitihani ya kati na ya mwisho, kisha hupitia kipindi cha kufanya kazi chini ya uangalizi wa bingwa aliyemtangulia kabla ya jina lake kuingizwa katika orodha ya mabingwa. Chuo Kikuu cha Nairobi hutumia Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, cha Moi hutumia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianzisha mafunzo ya aina hii Nairobi mwaka 2004.

Ubora wa njia hii ni wingi wa wagonjwa na wakufunzi. Anayesomea upasuaji Eldoret huona kwa mwezi mmoja magonjwa ambayo hospitali ndogo huyaona kwa mwaka. Upungufu wake ni umbali. Kutoka Lodwar hadi Eldoret ni safari ya siku nzima kupitia Lokichar, Kainuk, Kapenguria na Kitale, na katika miaka yote ya masomo daktari huyo hahesabiki katika zamu za hospitali iliyomtuma. Isitoshe, anayejifunza kwenye hospitali yenye mashine za kila namna hurudi akiwa amezoea vifaa ambavyo hatavikuta.

Fani iliyobuniwa kuziba pengo hilo ni udaktari wa familia. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuifunza mwaka 2005, na tofauti na fani nyingine, sehemu kubwa ya mafunzo iliwekwa katika hospitali za mashambani, Webuye ikiwa mojawapo. Daktari wa familia hufunzwa kutibu watu wazima na watoto, kufanya upasuaji wa kujifungua na wa dharura, na kusimamia vituo vya afya vinavyomzunguka. Mwaka 2018 Kenya na Kuba zilikubaliana kuimarisha jambo hili kwa pande mbili: mabingwa 100 wa Kuba waligawiwa kaunti, na madaktari 50 wa Kenya walipelekwa Kuba kusomea udaktari wa familia. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kwamba mkataba wa madaktari wa Kuba hautaongezwa. Mabingwa wa mkataba walitoa huduma kwa muda wao, kisha wakarudi kwao. Waliosomeshwa ndio waliobaki.

3. Vyuo vya ubingwa vya kanda

Njia ya pili haina kampasi. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kwa kifupi chake COSECSA, kiliundwa mwaka 1999 na makao yake yako Arusha. Chuo hakimhamishi daktari kumpeleka darasani. Hukagua hospitali, na hospitali ikifaulu, daktari aliyeajiriwa pale hujifunza akiwa kazini. Miaka miwili ya kwanza humfikisha kwenye mtihani wa uanachama. Miaka mitatu zaidi, kwa upasuaji wa jumla, humfikisha kwenye ngazi ya felo, ambayo ndiyo ngazi ya ubingwa. Hapa Kenya hospitali za misheni za Tenwek na Kijabe zimefunza wapasuaji wengi kwa utaratibu huu.

Moyo wa njia hii ni daftari la kazi. Kila upasuaji huandikwa: tarehe, aina ya ugonjwa, kilichofanywa, na nafasi ya mwanafunzi. Alisaidia tu? Alifanya mwenyewe mkufunzi akiwa amesimama kando? Au alifanya peke yake mkufunzi akiwa ndani ya hospitali? Ukurasa wa mwaka wa kwanza huwa umejaa jibu la kwanza. Wa mwaka wa tano unatakiwa ujae la tatu. Asiyetimiza idadi na aina za upasuaji zinazotakiwa haruhusiwi kuketi mtihani, hata awe hodari wa nadharia kiasi gani.

Mfano wa COSECSA umefuatwa na fani nyingine. Madaktari wa macho wana chuo chao cha kanda, na madaktari wa tiba ya watu wazima waliunda chao mwaka 2015. Faida kwa kaunti ni kwamba mwanafunzi hubaki kwenye orodha ya zamu na kwenye mishahara. Sharti gumu ni kwamba hospitali lazima iwe na bingwa anayekubali kufunza, chumba cha upasuaji kisichosimama, mtaalamu wa usingizi, na wagonjwa wa kutosha wa aina mbalimbali. Lodwar ina wagonjwa hao. Linalotakiwa kujengwa ni kundi la wakufunzi, kwa maana bingwa mmoja akienda likizo, mafunzo yote husimama.

4. Stashahada za muda mfupi

Kabla vyuo vya Afrika Mashariki havijaanza kutoa shahada za uzamili, daktari wa hapa aliyetaka kuendelea alisafiri Uingereza. Huko alifanya mitihani ya vyuo vya kifalme vya madaktari, au alichukua stashahada ya fani moja: afya ya watoto, uzazi, usingizi, au tiba ya magonjwa ya nchi za joto. Hii ya mwisho ndiyo iliyodumu kuliko zote. Shule ya Liverpool ilianzishwa mwaka 1898 na ya London mwaka 1899, na mpaka leo stashahada zao huheshimiwa duniani kote. Kozi ya London sasa ina tawi la Afrika Mashariki linaloendeshwa kwa ushirikiano na taasisi za kanda, na hufundishwa Moshi na Kampala kwa miezi mitatu, miongoni mwa wagonjwa wenyewe.

Stashahada ya namna hii haimwingizi daktari katika orodha ya mabingwa. Thamani yake iko kwenye kazi. Turkana ni miongoni mwa kaunti zenye kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi, unaovimbisha wengu na kuua usipotibiwa. Daktari wa kawaida mwenye miezi mitatu ya mafunzo ya magonjwa ya joto huutambua mapema kuliko bingwa wa fani nyingine ambaye hajawahi kuuona. Mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani, ambayo Kenya iliyaanzisha mwaka 2004, nayo yana ngazi kadhaa, zikiwemo ya miaka miwili inayotoa shahada ya uzamili, na ya miezi michache kwa watumishi wa mstari wa mbele. Ngazi hii ya mwisho huwafaa maafisa wa kaunti wanaofuatilia mlipuko wa kipindupindu au surua mpakani.

5. Maafisa wa kliniki na wauguzi

Mjadala wa ubingwa ukiishia kwa madaktari, huacha nje watu wanaoendesha hospitali usiku. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC, kilichoanzishwa mwaka 1927, hufunza maafisa wa kliniki kwa stashahada ya miaka mitatu, nacho kina kampasi mjini Lodwar. Baada ya uzoefu wa kazi, afisa wa kliniki anaweza kuchukua stashahada ya juu: usingizi, afya ya watoto, afya ya uzazi, mifupa, macho, au masikio, pua na koo. Sheria ya Maafisa wa Kliniki ya mwaka 2017 ndiyo inayoongoza baraza lao na utaratibu wa usajili na leseni.

Fani mbili zinastahili kutazamwa kwa karibu. Ya kwanza ni usingizi. Mpasuaji asiye na mtu wa kumlaza mgonjwa na kumwamsha salama hawezi kufanya kazi, na katika hospitali nyingi za kaunti mtu huyo ni afisa wa kliniki au muuguzi aliyesomea usingizi. Ya pili ni macho. Afisa wa kliniki wa macho akiongezewa mafunzo ya upasuaji wa mtoto wa jicho, huwarudishia watu uwezo wa kuona bila kumngoja bingwa kutoka mbali. Vikope, ugonjwa ulioenea sana Turkana, hupindua kope mpaka nywele zikwangue mboni. Kuinyoosha kope ni upasuaji mdogo ambao maafisa na wauguzi waliofunzwa huufanya chini ya mti au darasani.

6. Madaktari wa meno

Baada ya shahada na uanagenzi, daktari wa meno anayetaka ubingwa huingia shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Nairobi katika fani kama upasuaji wa kinywa, taya na uso, meno ya watoto, fizi, au meno ya bandia. Chini yake wapo maafisa wa afya ya kinywa wanaofunzwa KMTC kwa stashahada, ambao hung'oa, huziba na hufundisha usafi wa kinywa, pamoja na mafundi wanaotengeneza meno ya bandia.

Fani mbili zinalingana na mahitaji ya Turkana kuliko nyingine. Upasuaji wa taya na uso unahitajika kwa majeruhi wa ajali za barabarani na wa risasi zinazopigwa katika wizi wa mifugo, na kwa watoto wanaozaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka. Fani ya pili ni afya ya kinywa ya umma, na sababu yake ni maji. Maji ya Ziwa Turkana yana floraidi nyingi mara kadhaa kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani, na visima vingi vya Bonde la Ufa vina tatizo hilohilo. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yake yakiwa bado yanaumbika hutokezewa na madoa ya kahawia, na kiwango kikizidi, mifupa hukakamaa ukubwani. Hakuna idadi ya madaktari wa meno itakayomaliza tatizo hilo kwa kuziba jino mojamoja. Anayehitajika ni mtaalamu anayejua kupima visima, kuchora ramani yake na kuzungumza na idara ya maji ya kaunti.

7. Njia za mafunzo mbele ya mgonjwa mmoja

Uhusiano wa njia hizi huonekana vizuri katika ugonjwa wa haidatidi. Katika miaka ya 1980 watafiti waliripoti kaskazini-magharibi mwa Turkana wagonjwa wapya takriban 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyojulikana duniani wakati huo. Ugonjwa huletwa na mnyoo wa mbwa; mayai yake humezwa na binadamu na kujenga mafuko ya maji ndani ya ini, mapafu au tumbo. Shirika la AMREF lilianza mradi wa kuudhibiti mwaka 1983, likichanganya tiba ya mbwa, elimu, upasuaji na upimaji wa vijiji kwa ultrasaundi za kubebeka.

Tuseme mwanamke wa Longech, kwenye rasi ya mchanga inayoikinga Ghuba ya Ferguson, ana tumbo linalovimba polepole. Huvushwa kwa mashua hadi upande wa Kalokol. Afisa wa kliniki humpapasa na kushuku fuko. Hupelekwa Lodwar, mwendo wa kilomita kama 60, ambako aliyefunzwa ultrasaundi hupima ukubwa wa fuko na kulipanga katika hatua yake. Hapo njia hugawanyika. Fuko dogo huweza kutibiwa kwa albendazoli. La wastani huchomwa kwa sindano, hufyonzwa, hutiwa dawa na kufyonzwa tena, kazi inayowezwa na daktari wa kawaida aliyefunzwa vizuri na aliyejiandaa kwa hatari ya mzio mkali. Kubwa au lililojigawa humhitaji mpasuaji, kwa kuwa likipasuka tumboni husambaza mbegu za mafuko mapya. Na mpasuaji humhitaji mtu wa usingizi.

Mgonjwa mmoja amepita mikononi mwa watu wanne au watano, kila mmoja akiwa amefunzwa kwa njia tofauti, na ni mmoja tu kati yao aliyehitaji ubingwa wa miaka mitano. Mnyororo huu hukatika mahali pamoja tu pakikosa mtu. Mpasuaji aliyepo bila mtaalamu wa ultrasaundi hupokea wagonjwa waliochelewa; ultrasaundi bila mpasuaji huandika orodha ya wanaosubiri.

8. Lokichoggio na Kakuma

Turkana imewahi kuwa na upasuaji wa kiwango cha juu. Hospitali ya Lopiding, Lokichoggio, iliendeshwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu tangu 1987 hadi ilipokabidhiwa Serikali ya Kenya mwaka 2006, na ilitibu majeruhi wengi wa vita vya Sudan waliosafirishwa kwa ndege. Wapasuaji wake walipokezana kutoka nje kwa zamu za muda. Jengo lilibaki kwa umma. Ujuzi wa kutibu majeraha ya vita ulikuwa wa watu waliokuwa wakipita.

Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa mwaka 2016, yana huduma zinazoendeshwa na mashirika pamoja na Serikali. Miongoni mwa wakimbizi wamo waliosomea udaktari, uuguzi au utabibu kwao. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya taaluma yake iwapo vyeti vyake vinatambuliwa na mamlaka husika. Kwa daktari, mamlaka hiyo ni Baraza: vyeti hukaguliwa, na aliyesomea nje kwa kawaida hutahiniwa na kupitia uanagenzi kabla ya leseni. Kikwazo cha kwanza huwa ni karatasi. Aliyekimbia vita hakubeba nakala za matokeo, na chuo kilichomfunza huenda kimefungwa.

9. Likizo ya masomo na mkataba wa kurudi

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, daktari wa hospitali ya kaunti ni mwajiriwa wa kaunti. Akitaka kusomea ubingwa, huomba likizo ya masomo. Akikubaliwa, huendelea kulipwa mshahara na hutia sahihi mkataba wa kurudi kutumikia kwa muda uliokubaliwa. Asiyepewa likizo hujiuzulu na kujigharamia, na kaunti hupoteza haki yoyote juu yake.

Mkataba peke yake haumrudishi mtu. Mhitimu anayerudi Lodwar bila chumba cha upasuaji kinachofanya kazi, bila cheo kipya na bila mwenzake wa kupokezana zamu huondoka muda wake unapoisha, au hununua mkataba wake. Suala jingine ni uteuzi. Daktari huchagua fani aipendayo, na kaunti hugharamia. Matokeo yake ni kuwa na mabingwa wawili wa fani moja na kukosa kabisa wa fani nyingine.

10. Mapendekezo

Kwanza, kaunti iandae orodha ya fani inazozihitaji kwa miaka kumi, kwa kufuata magonjwa yake, na likizo za masomo zitolewe kwa orodha hiyo. Upasuaji wa jumla, uzazi, watoto, usingizi, taya na uso, na udaktari wa familia zinastahili kutangulia.

Pili, madaktari wapelekwe wawiliwawili katika fani zinazohitaji zamu za usiku, hata kama itamaanisha kuzishughulikia fani chache kwa wakati mmoja. Bingwa wa peke yake hachukui muda mrefu kuchoka.

Tatu, Lodwar iandaliwe kwa ukaguzi wa vyuo vya kanda kwa hatua. Mwanzo mwepesi ni kuwa kituo cha mzunguko: wanaosomea ubingwa Eldoret au katika hospitali za misheni waje Lodwar kwa miezi mitatu mitatu wakiongozwa na bingwa aliyepo. Kaunti itapata mikono ya ziada, na hospitali itajenga rekodi inayotakiwa na wakaguzi.

Nne, stashahada za juu za maafisa wa kliniki zipangwe pamoja na ubingwa wa madaktari. Kwa kila mpasuaji anayetumwa masomoni, watumwe pia watu wawili wa usingizi na mmoja wa ultrasaundi, ili wote wahitimu kabla mpasuaji hajarudi.

Tano, idara ya afya ya kaunti na mashirika yanayohudumia Kakuma yafungue dawati moja la kuwasaidia wakimbizi wenye taaluma ya tiba kutafuta vyeti vyao, kujiandaa kwa mitihani ya Baraza na kupata nafasi ya uanagenzi. Wahudumu hao tayari wanaishi Turkana na wanazijua lugha za wagonjwa wa kambini.